Salamu kwa Mpangaji

Mtaani kwetu Mahabibo, kule Mahajanga, barua haikuletwa kimyakimya. Mtu wa posta wetu aliitangaza tangu dukani kwenye kona, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki, kisha akaja nayo taratibu juu ya baiskeli ili kila mlango upate nafasi ya kufunguka. Wenyewe kule humwita faktera. Mimi nilimwita zama, yaani mjomba kwa lugha ya pwani ile ya Madagaska, kwa sababu sikujua ningemwitaje mtu aliyekula mikate ya bibi yangu kila siku ya Mungu.

Hakuwa wa kabila letu wala wa dini yetu. Sisi ni Wangazija, watu wa asili ya Komoro, ila wazee wetu walifika Mahajanga zamani hata hakuna aliyekumbuka walikuja lini. Yeye alikuwa Mmalagasi wa vijiji vya juu ya mto, mfupi, mwenye pengo mbele, na alivaa kofia ya kazi hata siku za mapumziko. Alikuwa akicheka kabla ya kusema jambo lenyewe, na wewe unacheka naye hujui unacheka nini.

Urafiki ulianza kwa kosa. Siku ya kwanza alipopangiwa mtaa wetu alisimama barazani akaita "Haody!", ambayo ni hodi ileile, kisha akauliza kama bwana mwenye nyumba yupo. Bibi alikuwa anageuza mokari, vile vikate vya mchele na nazi alivyokuwa akiuza.

"Hapa hakuna bwana mwenye nyumba," bibi akamwambia. "Yule unayemwona kwenye cherehani ni mkwe wangu. Nimemkaribisha tu. Siku akinichosha ataondoka na cherehani yake."

Baba aliendelea kushona. Alikwisha kuizoea dhihaka hiyo, na tena ilikuwa kweli. Kwetu Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Binti hupewa nyumba, mume ndiye anayekuja kuingia, na akiachwa huondoka yeye. Nyumba ile bibi aliijenga kwa mokari, ukuta wa mawe, mabati juu, mpera uani. Ilikuwa iende kwa mama, kisha ije kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtoto pekee. Nilipokuwa mdogo nikishika mkaa, mama alikuwa ananipigia kelele nisichafue ukuta wangu.

Mtu wa posta aliposikia maelezo hayo alicheka mpaka akaegemea baiskeli. Kwao mambo hayakuwa hivyo. Bibi akampa mokari ya moto na kahawa, akala amesimama, akaomba nyingine. Kuanzia siku hiyo hakumtaja baba tena hata kama barua ilikuwa ya baba. Alikuwa anaingia mtaani akiita, "Barua ya bweni mwenye nyumba!" Bweni ni namna yetu ya kumwita mwanamke wa heshima, na yeye alilipenda neno hilo. Bibi alipofariki alikuja mazikoni, akasimama nje pamoja na wanaume amevua kofia. Wiki iliyofuata akaleta barua kutoka Komoro, akaita jina la mama.

Kisha zikaja siku zile. Sitazisimulia. Walioziishi wanazijua, na wasiozijua wakitaka wakaulize, maana wa kuulizwa bado wapo. Miaka ya sabini ilikuwa imevuka katikati. Wangazija tukawindwa katika mitaa tuliyozaliwa, waliosalia wakakusanywa kambini kwa askari, na wengi wakapakiwa kwenye ndege na meli wakapelekwa Komoro. Kaka wa mama, mjomba wangu wa damu na ndugu yake pekee, alitoka asubuhi kwenda kazini bandarini na hakurudi.

Aliyetuletea habari alikuwa zama. Siku hiyo hakutangaza kitu. Alizungumza na mama uani, mimi nimefungiwa ndani, kisha akatutoa kwa vichochoro mpaka kambini, mama, baba na mimi. Alikuwa amevaa kofia yake, akiwasalimia watu tuliokutana nao na kucheka kwa sauti, utadhani anatusindikiza karamuni. Vidole vyangu alivibana mpaka vikaniuma.

Kambini, afisa mmoja alimwambia mama kwa upole kwamba ndege ipo, aende kwao. Mama akamwambia, "Komoro mimi naijua kwa barua tu. Nani huko atanijua?" Ndugu za baba walipanda. Mama hakupanda. Aliketi juu ya furushi lake wiki kadhaa, kila orodha ikisomwa yeye anaangalia pembeni, mpaka mambo yalipotulia tukapata nafasi ya kwenda kaskazini, Nosy Be, kwa shangazi yake aliyekuwa na nyumba pale Hell-Ville. Watu humsifu mama kwa ujasiri huo. Mimi nilikuwa karibu naye nikauona vizuri, na nasema zilikuwa hasira tupu. Hasira zikikaa mahali pake zinafaa kuliko ujasiri.

Shangazi alitupa chumba cha uani. Kisiwa kizima kilinukia maua ya ilangilangi yaliyokuwa yakichemshwa kutolewa mafuta, harufu nzuri kwa anayepita, lakini ukiishi nayo inakuingia mpaka kwenye wali. Baba akapata kazi ya kushona mapazia ya hoteli kule Andilana, walikokuwa wakija Wazungu kuogelea. Mimi nikaanza shule upya. Nyumbani tulisema Kingazija, barabarani Kimalagasi, darasani Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata ukubwani, nilipokuwa nikienda Unguja kununua vitambaa, na kama mahali kinachechemea, mnisamehe.

Ilifika barua. Ilikuwa ya zama mwenyewe, mtu aliyekuwa akibeba barua za watu maisha yake yote na sisi hatukuwahi kuona mwandiko wake. Aliandika herufi kubwakubwa. Alisema nyumba haikuungua, mpera upo, lakini kuna mtu amehamia. Tulimjua: bwana wa mtaa wa pili, mwenye cheo kidogo na tumbo kubwa, ambaye nyumba yake mwenyewe alikuwa nayo. Alivunja kufuli akaweka lake. Anawaambia watu kwamba wenye nyumba wamekwenda kwao Komoro na hawarudi, na kwamba mtu akikaa mahali miaka mingi bila yeyote kumpinga, mahali hapo panakuwa pake kwa sheria. Zama alisema pia kwamba mkubwa wake kazini amemwagiza barua zetu azigonge muhuri wa "wameondoka" na kuzirudisha. Hajazigonga. Mwishoni aliandika: "Bweni, mtaa ukizoea kutolisikia jina lako, umekwisha. Niandikie barua za nyumba ile. Kuzifikisha ni kazi yangu."

Baba aliisoma akaikunja. "Tuiache," alisema. "Tuko hai."

"Na binti yako utamwozea wapi?" mama akamwuliza.

Baba akarudi kwenye cherehani. Msichana wetu asiye na nyumba huolewa akiwa mgeni kwa mume, na mama alikuwa amekula kiapo kwamba mimi sitakuwa mgeni wa mtu. Nilikuwa bado mdogo, mambo ya ndoa yananichekesha, lakini ukuta wangu niliutaka. Nilimchukia mtu yule anayelala ndani ya kuta zangu, nikamchukia kwa moyo wote, kama mtoto anavyoweza.

Mama alisoma Kurani vizuri sana, ila herufi za Kizungu hazikuwa zake, kwa hiyo mwandishi nikawa mimi. Siku hiyo hapakuwa na karatasi wala bahasha nyumbani. Kilichokuwapo ni postikadi ambazo baba alipewa hotelini, zimefifia pembeni, hazifai kuuzwa: ufuo wa Andilana, bahari ya buluu, na mbele Wazungu wawili wamelala mchangani karibu uchi.

Shangazi alishika kifua. "Utapeleka aibu hii Mahabibo?"

"Ndiyo," mama akasema. "Hakuna atakayekosa kuitazama."

Kisha akaniambia niandike. Nilidhani atamtukana yule mtu, na nilikuwa nimeandaa matusi yangu ya kuchangia. Mama akatamka taratibu, kwa Kimalagasi kizuri: "Salamu kwa mpangaji wangu. Nimesikia umehamia. Karibu. Bati la jikoni linavuja upande wa mpera, lizibe kabla ya mvua. Mpera wenyewe usiukate. Mimi, mwenye nyumba wako." Upande wa anwani akaniandikisha: Kwa Mpangaji, nyumbani kwa bweni fulani, binti fulani, mjukuu wa fulani, majina yake yote mpaka ya babu, mtaa na mji.

Yaliyotokea tuliyapata kwa zama, na baadaye kwa majirani, na kila mmoja aliongeza chumvi yake. Zama alipanda baiskeli, akaanza kulitangaza jina la mama tangu dukani. Miezi ilikuwa imepita jina hilo halijatajwa kwa sauti mtaa ule. Watu walilinong'ona kama la marehemu. Wanawake wakatoka, wengine wakidhani mama mwenyewe amerudi. Yule bwana naye akatoka, amevaa fulana ya ndani.

"Wewe ndiye mpangaji?" zama akamwuliza.

"Mimi si mpangaji wa mtu."

"Basi hii si yako, bwana. Nisamehe. Ngoja nisome, labda nitajua ni ya nani."

Postikadi haina bahasha. Akaisoma palepale, kwa sauti yake ya mnada, mpaka kwenye mpera na mwenye nyumba wako. Kisha akaionyesha picha, kushoto na kulia, wapate kuona na wa nyuma. Mtaa ulicheka. Nasikia ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka pamoja tangu siku zile.

Ndipo tulipoelewa tumeshika nini. Bwana yule akiipokea kadi, amekubali kuwa mpangaji. Akiikataa, inasomwa barabarani. Mama akaniagiza nimwambie baba alete kadi zote zilizofifia.

Tuliandika miaka. Sikuhesabu kadi. Mama alizitunga akichambua mchele, na mara nyingine alikuwa anacheka peke yake jikoni, nikajua inakuja nyingine. "Salamu kwa mpangaji wangu. Mlango wa mbele umechuja, upake rangi ya kijani, buluu haipatani na mtaa." "Salamu kwa mpangaji wangu. Maji ya uani yaelekeze mferejini, usimmwagie jirani." "Salamu kwa mpangaji wangu. Acha kufuga kuku sebuleni." Kuku hakuwa nao. Mama aliamini tu kwamba mtu wa aina ile lazima atakuwa nao, na baada ya kadi hiyo Mahabibo nzima iliamini hivyo hivyo. Watoto walikuwa wakipita dirishani kwake wakiwika.

Baba aliogopa. Alisema tunamchokoza nyoka aliyelala. Mama akamwambia nyoka halali, amekalia kitanda chetu, na kama hofu ingekuwa inaokoa watu kaka yake angekuwa hai, maana alikuwa mwoga kuliko wote. Hapo baba aliacha cherehani akatoka nje. Alirudi na kadi nyingine mfukoni. Hakuniambia kitu, alizitia tu kati ya vitabu vyangu vya shule.

Bwana yule alikwenda kushitaki kazini kwa zama. Mkubwa wake akamkataza kusoma barua za watu. Zama akatii. Alipofika na kadi iliyofuata alisema miwani ameisahau, akampa mama mmoja muuza mishikaki pale mkabala, akamwomba amsaidie. Miwani hakuwahi kuvaa maishani mwake. Mama wa mishikaki alikuwa na sauti kumpita.

Wakamwondoa barabarani wakamweka ndani, kuuza stempu dirishani. Hilo lilimuuma kweli, maana alikuwa mtu wa njia, wa kusimama kila baraza, na sasa alikuwa anaona migongo ya watu wakitoka. Tuliposikia, mama alitaka tuache. Alisema nyumba ni yake, si halali mtu mwingine kuilipia kwa riziki yake. Nikaiandika barua hiyo kwa shingo upande. Jibu likaja limeandikwa nyuma ya bahasha yetu wenyewe: "Bweni, dirisha hufungwa jioni. Mimi sifungwi. Leta kadi." Ikawa anazichambua kadi zetu kabla hazijamfikia faktera mpya, anazitia mfukoni, na baada ya kazi anakwenda nazo Mahabibo kwa miguu, amevaa nguo za nyumbani na kofia ya posta. Kofia hawakuwa na haki nayo, alisema, ilikuwa imemzoea yeye.

Mimi nikakua. Akatokea kijana, mwalimu wa shule pale Hell-Ville, mtoto wa watu wetu, mpole, mwenye masikio makubwa. Nilimpenda na nampenda. Wazee wake wakaleta maneno, wakataka harusi ifanyike kwa shangazi, nyumba ni nyumba. Mama akakataa. Wakaja tena. Mama akasema anawaheshimu sana, wanywe chai, lakini binti yake ataolewa nyumbani kwake. Wakamwuliza nyumbani kwake ni wapi. "Mahajanga," akasema, "mpangaji yuko katika kuhama." Mpangaji hakuwa katika kuhama hata kidogo.

Watu walisema mama ananizeesha kwa ajili ya mabati. Walinionea huruma sokoni, wanawake wa rika langu wakipita na watoto migongoni. Hawakujua kwamba mwenye kichwa kigumu nyumbani tulikuwa wawili. Nilikuwa nimeziandika kadi zile kwa mkono wangu tangu mwandiko ukiwa wa kitoto. Kukubali kuolewa chumba cha uani kwa watu ilikuwa kumwambia yule bwana achukue tu. Nilimwambia mwalimu wangu kama hawezi kungoja aoe kwingine. Alisema atangoja, masikio yakawa mekundu.

Kisha zama akatuma neno. Bwana yule amepeleka ombi rasmi la kumilikishwa. Mwenyekiti wa ofisi ya mtaa, wao huiita fokontany, ataita watu wote wasikilizwe. "Njooni," alisema. "Kadi hazitoshi sasa."

Baba alibaki na kazi. Mama na mimi tukavuka kwa boti mpaka Antsahampano, bandari ya upande wa bara, tukapanda lori la mizigo kwenda kusini siku kadhaa, kwa barabara ya mashimo matupu. Mama alitapika njia nzima na kila tuliposimama alitafuta maji akapaka uso msindzano, ule unga wa msandali, kwa kuwa hakutaka kuingia Mahajanga na uso mtupu. Tulipofika alifungua furushi akatoa shiromani yake, ile shuka ya Kingazija ambayo tangu siku zile hakuna mwanamke aliyethubutu kuitoa sandukuni mjini mle. Akajifunga mbele ya watu stendi. Mimi niliogopa, nikataka kurudi kwenye lori. Akanitupia ya kwangu.

Kikao kilikuwa chini ya paa la bati la ofisi ya mtaa, watu wamejaa mpaka barabarani. Sikumtambua mpangaji wetu. Miaka yote akilini mwangu alikuwa dude kubwa, nikaona mzee mwenye mvi na shati lililopigwa pasi vizuri. Alieleza kwa adabu. Nyumba aliikuta tupu, wenyewe wamehama, amekaa miaka yote hiyo kwa amani na hakuna aliyewahi kumpinga.

Kicheko kilianzia nyuma. Mwenyekiti akagonga meza.

"Hakuna aliyekupinga?" Alikuwa mama wa mishikaki, amesimama. "Si ulikatazwa kuukata mpera?"

"Kabla ya mvua uzibe bati!" akasema mwingine.

"Na kuku!" wakapaza sauti vijana, wale waliokuwa watoto wa kuwika. "Kuku sebuleni!"

Walizijua. Walikuwa wakizikariri moja baada ya nyingine, maneno ya mama yangu, mengine yametiwa madoido, na kila moja ilianza vilevile: salamu kwa mpangaji wangu. Mama alisimama katikati na shiromani yake akisikiliza. Mimi machozi yalinitoka nikaona aibu, kisha nikaacha kuona aibu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mkavu, hakucheka. Alingoja wakanyamaza, akamgeukia yule bwana.

"Mpera upo?"

"Upo."

"Bati la jikoni?"

"Lilizibwa."

"Nani aliliziba?"

"Mimi."

"Mlango wa mbele una rangi gani?"

Bwana yule aliwatazama watu. Kila mtu pale alikuwa amepita mbele ya mlango ule asubuhi hiyo.

"Kijani," alisema mwisho.

"Kwa nini kijani?"

"Watu walikuwa hawaniachi. Kila nikitoka wananiuliza nitapaka lini."

"Kwa hiyo mwanamke huyu alikuagiza, nawe ukatenda."

Nilimtazama yule bwana, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyoishi miaka ile, ndani ya nyumba aliyoiiba, akipanda juu ya mabati yetu kuyaziba kabla ya mvua kama alivyoambiwa. Sikumwonea huruma. Huruma yangu ina wenyewe. Mwenyekiti akasema nyumba ina mwenyewe na mpangaji apewe muda wa kuhama. Mama akamwambia yule bwana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba rangi ameipenda.

Zama alikuwa ameegemea nguzo nje. Nywele zilikuwa zimekwisha chini ya kofia na pengo lilikuwa limepata wenzake. Mama hakumshika mkono, hatukuzoea hivyo. Alimwuliza tu kama amekula.

Tukafanya harusi mwaka uliofuata. Tuliosha nyumba kwa siku nyingi, tukaipaka chokaa, mama akauza dhahabu ya shangazi kwa idhini yake ili pilau iwatoshe watu. Baba akashuka na cherehani. Ndugu zake waliopanda ndege walikuja kutoka Komoro, wamevaa majoho, wakitembea mitaa ile kwa tahadhari na kukaa karibukaribu. Sikuwalaumu. Kila mtu alikuwa na yake ya siku zile.

Wali wangu wa ndoa alikuwa baba, dini haina mchezo. Ila mila yetu inataka mtu mwingine pia. Nyumba ni ya upande wa mama, kwa hiyo mjomba, kaka wa mama, ndiye hukaa mlangoni kwenye kiti, na bwana harusi akifika humwomba yeye ruhusa ya kuingia. Kiti kilikuwa kimewekwa. Watu wakawa wanakitazama na kutazamana. Wazee wa Komoro wakapendekeza kaka mkubwa wa baba akikalie, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu aliyehudhuria, mtu wa heshima. Naye alikuwa tayari amekishika mgongo.

Mama alitoka jikoni, mikono ina unga. Akamshika zama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na majirani, akamwinua.

"Huyu ndiye atakayekaa," alisema.

Zama akaanza kukataa, kwa kicheko chake, bweni acha utani. Mzee wetu yule aliyeshika kiti hakucheka. Alisema kwa upole kwamba wema wa mtu huyu wanaujua wote na Mungu atamlipa, lakini si wa dini yetu, si wa watu wetu. Mlangoni anakaa mtu wa damu.

Nilikuwa ndani nimepambwa, sikutakiwa kuonekana, nikachungulia dirishani. Mama alikuwa amesimama na unga wake.

"Damu ya kaka yangu mimi nimeiona," alisema. "Ilikuwa kwenye shati la huyu. Alimkuta barabarani bandarini na watu wanamruka, akambeba kifuani mchana kweupe mpaka msikitini, waliomwua wakimtazama. Ndipo akaja hapa kuniambia. Shati nilimvulisha uani, nikalifua kwa mikono hii, nikampa la mume wangu avae, ndipo nikamtoa mtoto ndani. Wewe siku ile ulimbeba nani?"

Sikuwa nimewahi kusikia hayo. Miaka yote ya kadi na vicheko, hakuna kati yao aliyewahi kuniambia. Nilimtazama zama. Alikuwa amevua kofia na kuikunja mikononi, na hakuwa akicheka.

Mzee wetu akalivua joho lake, akamvisha zama mabegani, likamzidi urefu likaburuza chini. Akaenda kwenye mkeka akakaa alipokuwa amekaa zama. Zama akakaa mlangoni kwangu, na kila mwanamume aliyeingia nyumbani kwangu siku ile, mume wangu akiwa wa kwanza wao, aliingia kwa ruhusa yake.